Picha Nzuri, Dozi Mara Nane: Uchambuzi wa Kisa cha CT-Scan za Kiharusi Los Angeles, 2008 na 2009

Mwezi Agosti 2009, mgonjwa mmoja aliyekuwa amefanyiwa CT-Scan ya ubongo katika hospitali ya Cedars-Sinai, jijini Los Angeles, alieleza kwamba nywele zake zilikuwa zimenyonyoka kwa mabaka. CT-Scan ya kichwa haitarajiwi kunyonyoa nywele. Dozi yake ya kawaida iko mbali sana na kiwango kinachoweza kudhuru mashina ya nywele, kwa hiyo ama nywele zilianguka kwa sababu nyingine kabisa, ama mashine ilikuwa imetoa mionzi mingi ambayo hakuna mtu aliyekusudia itolewe. Hospitali ilipofuatilia, ilibainika kwamba mashine ndiyo iliyotoa mionzi hiyo, na kwamba mgonjwa huyo hakuwa peke yake. Tangu Februari 2008, kwa muda wa miezi 18, kila mgonjwa aliyepimwa kwa utaratibu uleule, yaani maelekezo yaleyale yaliyohifadhiwa ndani ya mashine, alikuwa amepokea dozi ileile ya kupindukia.

Tarehe 8 Oktoba 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) ilitoa tahadhari kwa hospitali zote nchini humo. Ilisema kwamba katika kituo kimoja wagonjwa 206 walikuwa wamepokea mionzi karibu mara nane ya iliyotarajiwa: badala ya Gray 0.5 (Gray ni kizio cha kupimia mionzi ambayo mwili umepokea), ambayo ndiyo ilikuwa dozi ya juu iliyotegemewa kichwani, walipata Gray 3 hadi 4. Kwa taarifa zilizotolewa wakati ule, takriban asilimia 40 yao walipoteza nywele kwa mabaka, na karibu mmoja kati ya watano alipigwa na mionzi hiyo moja kwa moja kwenye lenzi za macho.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hakina yale ambayo watu wengi huyategemea wanaposikia habari ya ajali ya hospitali. Mashine haikuharibika, na ukaguzi wa FDA baadaye ulisema hivyo. Mtaalamu wa mionzi aliyepiga picha hakuwa amelewa wala hakusinzia. Daktari alipata picha alizozitaka, na zilikuwa picha nzuri. Ni uzuri huo wa picha ambao, kwa maoni yangu, unaeleza kwa nini kosa liliishi mwaka mmoja na nusu katika hospitali kubwa yenye wataalamu wa kila aina.

Kipimo chenyewe kina sababu ya msingi ya kufanywa. Mgonjwa anapofikishwa hospitalini mdomo umepinda na mkono mmoja hauinuki, swali la kwanza ni kama mshipa wa damu umepasuka au umeziba, na CT-Scan ya kawaida hujibu swali hilo kwa dakika chache. Ikiwa mshipa umeziba, swali la pili ni gumu zaidi: ni sehemu gani ya ubongo imekwisha kufa, na ni sehemu gani bado iko hai lakini ina njaa ya damu na inaweza kuokolewa? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda inaweza kumwokoa mgonjwa, na pia inaweza kumsababishia kuvuja damu ubongoni. Kwa miaka mingi ilitolewa ndani ya saa 3 tu tangu dalili kuanza. Ni mwaka huohuo wa 2008, mwezi Septemba, ambapo matokeo ya utafiti uliofanyika Ulaya yalionyesha kuwa inaweza kusaidia hadi saa 4 na nusu. Madaktari waliokuwa wakipigania kila dakika walikuwa na haki ya kutaka kuona zaidi.

Kipimo cha mtiririko wa damu katika ubongo huwaonyesha hicho wanachokitafuta. Mgonjwa huchomwa dawa ya rangi mshipani, kisha mashine humpiga picha mfululizo kwa muda unaokaribia dakika moja, huku dawa ikiingia katika ubongo na kutoka. Kompyuta hupima jinsi kila sehemu inavyong'aa na kufifia, na kutokana na mabadiliko hayo huchora ramani ya rangi inayoonyesha damu inafika wapi na haifiki wapi. Katika CT-Scan ya kawaida ya kichwa, mionzi hupita kila mahali mara moja tu na kusonga mbele. Katika kipimo hiki kitanda hakisogei, kwa hiyo mkanda uleule wa kichwa hupigwa tena na tena, makumi ya mara. Hata dozi ndogo ikirudiwa hivyo hujumlika kuwa kubwa, na ikiwa kila pigo limezidishwa mara nane, jumla huingia katika eneo ambalo wataalamu wa mionzi hulijua zaidi kutoka vyumba vya tiba ya saratani.

Ngozi ikipokea Gray 2 kwa mkupuo inaweza kuwa nyekundu ndani ya saa chache. Ikipokea takriban Gray 3, nywele za eneo hilo huanguka wiki mbili au tatu baadaye, na kwa kawaida huota tena. Inapofika Gray 7 upo uwezekano kwamba hazitaota. Wagonjwa wa Los Angeles walikuwa juu kidogo ya mstari wa Gray 3, ndiyo maana baadhi yao walinyonyoka nywele na wengine hawakunyonyoka, ingawa dozi zao zilikaribiana. Lenzi ya jicho haina uvumilivu hata huo. Mwaka 2011 Tume ya Kimataifa ya Kinga dhidi ya Mionzi iliteremsha kiwango ambacho juu yake mtoto wa jicho hutarajiwa hadi Gray 0.5, yaani kiasi kilekile ambacho kipimo hiki kilitarajiwa kutoa kichwani kikiwa kimefanywa ipasavyo. Ndiyo sababu wataalamu husisitiza kuuelekeza mwonzi usipite machoni, hata pale mashine inapofanya kazi bila dosari yoyote.

Hospitali ilieleza kwamba Februari 2008 ilianza kutumia utaratibu mpya, kwa sababu madaktari waliamini ungewapa taarifa bora zaidi kuhusu mtiririko wa damu. Ili kufanya hivyo ilibidi maelekezo yaliyokuja na mashine, ambayo ilitengenezwa na kampuni ya GE, yabadilishwe na mengine kuwekwa badala yake. Katika kubadilisha huko, kwa maneno ya hospitali yenyewe, palikuwa na kutoelewana kuhusu mpangilio mmoja uliokuwa umejengwa ndani ya mashine. Utaratibu mpya ukahifadhiwa, na tangu siku hiyo ikawa kila anayebonyeza jina lake anapata kilichomo ndani yake.

Mpangilio uliozua balaa ulihusu mfumo wa mashine kujirekebishia mionzi, na hapa inafaa kutulia kidogo, kwa kuwa mfumo huo ulibuniwa ili kupunguza dozi. Bila mfumo huo, mtaalamu hupanga mwenyewe kiasi cha umeme kinachopita katika bomba la eksirei, na kiasi hicho hubaki hivyohivyo awe anampiga picha mtoto mwembamba au mtu mzima mnene. Kwa kutumia mfumo huo, mtaalamu haiambii mashine itoe mionzi kiasi gani; anaiambia picha iwe na chenga kiasi gani, yaani vile vitone vinavyoichafua picha. Mashine hupima unene wa mwili na kuamua yenyewe, ikipunguza umeme penye mapafu na kuuongeza penye nyonga, ndani ya kiwango cha chini na cha juu ilichowekewa. Kwa vipimo vya kifua na tumbo ni msaada mkubwa, na wagonjwa wengi sana wameepushwa mionzi ya bure kwa ajili yake.

Lakini mfumo huo hutii. Ukiambiwa kwamba picha isiwe na chenga karibu hata kidogo, utaongeza umeme mpaka ufike pale ulipotakiwa au mpaka ugonge ukomo wa juu. Bei ya usafi wa picha katika fizikia ni ghali kuliko wengi wanavyodhani: ili kupunguza chenga hadi nusu, dozi inabidi iongezwe mara nne. Ukiongeza dozi mara nane, chenga hupungua hadi zaidi kidogo ya theluthi moja ya zilivyokuwa. Macho ya daktari huiona picha hiyo kuwa safi na tulivu, wala hayaoni kilicholipwa.

La kusikitisha zaidi ni kwamba usafi huo haukuhitajika. Ramani ya mtiririko wa damu haitegemei ncha kali za picha. Hutegemea kupanda na kushuka kwa mng'ao wa eneo zima, na kompyuta huweza kusoma mabadiliko hayo hata katika picha zenye chenga nyingi. Tena mfumo wa kujirekebisha haukuwa na kazi kubwa ya kufanya pale, kwa sababu kitanda kilikuwa kimesimama na unene wa kichwa katika mkanda ule haukuwa ukibadilika. GE nayo ilikuja kusema kwamba mfumo huo una manufaa finyu katika kipimo cha aina hii. Upande wa hospitali ulijibu kwamba waliokuja kuwafundisha wafanyakazi hawakuueleza kikamilifu.

Namba yenyewe haikufichwa. Mashine za CT-Scan za wakati ule zilionyesha makadirio ya dozi kwenye skrini ya mtaalamu kabla hajaanza na baada ya kumaliza, na GE iliwalaumu wataalamu kwa kutokuiona. Sikubaliani na lawama hiyo, au tuseme nakubaliana nayo kwa sehemu ndogo tu. Mtaalamu wa mionzi usiku wa manane, akiwa na mgonjwa wa kiharusi anayetapika na daktari anayeuliza kila dakika kama picha ziko tayari, ana mambo mengi ya kutazama: mshipa wa dawa umekaa sawa, kichwa kimetulia, dawa imeingia kwa wakati wake. Namba ya dozi ilikuwa kona ya skrini, haina rangi ya hatari, haina sauti, na haikuwa na namba nyingine pembeni ya kulinganisha nayo. Zaidi ya hayo, tangu siku ya kwanza ya utaratibu mpya namba ilikuwa kubwa kwa kila mgonjwa. Kwa mtu aliyeiona mara ishirini, namba kubwa ndiyo namba ya kawaida.

Hapo zamani za filamu, picha yenyewe ilikuwa ikishtaki. Ukizidisha mionzi, filamu ilitoka nyeusi, daktari alikasirika, na picha ilirudiwa asubuhi hiyohiyo. Katika picha za kompyuta mambo yamegeuka: dozi ikipungua mno daktari hulalamika kwa sababu ya chenga, ikizidi hushukuru. Malalamiko yote yanasukuma upande mmoja, na hospitali isipojenga kwa makusudi nguvu inayovuta upande wa pili, dozi itapanda polepole bila mtu kuamua kwamba ipande. Pale Los Angeles ilipanda kwa siku moja, lakini iliendelea kukaa juu kwa sababu hiyohiyo.

Wagonjwa wenyewe pia hawakuweza kutoa ishara mapema. Nywele huanguka baada ya wiki mbili au tatu, wakati mgonjwa ameshatoka wodini, anajifunza upya kutembea, anameza dawa kadhaa mpya na ana hofu ya maisha yake. Nani kati yao angeunganisha baka la upara na kipimo cha chini ya dakika moja alichofanyiwa akiwa hajitambui? Na daktari anayemwona kliniki si yule aliyempokea usiku ule, wala si mtaalamu aliyempiga picha. Linganisha na mkasa mwingine wa mwaka huohuo wa 2008, kaskazini mwa California, ambapo mtoto mdogo alipigwa CT-Scan tena na tena kwa zaidi ya saa moja kwa kipimo cha dakika chache. Kosa lile lilikuwa la kutisha, lakini lilikuwa la mtu mmoja kwa mgonjwa mmoja, na wazazi waliliona likitokea. Kosa lililohifadhiwa ndani ya utaratibu halina siku ya kutokea. Kila linaporudiwa linaonekana kama kazi iliyofanywa sawasawa.

Tahadhari ya Oktoba ilipotoka, hospitali nyingine zilianza kukagua kumbukumbu zao, na nyingine zikagundua yaleyale. Desemba 2009 FDA ilitangaza wagonjwa wengine wasiopungua 50, na safari hii mashine zilikuwa za zaidi ya mtengenezaji mmoja. Kwa taarifa ya FDA ya Novemba 2010, hesabu ilikuwa imefika takriban wagonjwa 385 katika hospitali sita, tano za California na moja ya Alabama. Taarifa hiyo ilisema kwamba mashine zikitumiwa kwa kufuata maelekezo ya mtengenezaji hazizidishi dozi, na papo hapo ikawataka watengenezaji waboreshe mafunzo yao na waweke onyo kwenye skrini pale dozi inapokaribia kudhuru. Naona busara katika kuyasema yote mawili kwa pamoja. Mashine ambayo ni salama mikononi mwa anayeijua kila kona, lakini inanyamaza kimya inapotumiwa na asiyeijua, haijakamilika usalama wake. FDA pia ilionya tangu mwanzo kwamba mgonjwa anayehitaji kipimo hiki asinyimwe kwa hofu, na hilo lilikuwa muhimu, maana kiharusi kisichotibiwa huua na kulemaza watu wengi kuliko mionzi ya aina hii.

California ilitunga sheria. Ilitiwa saini Septemba 2010, ikataka kwamba kuanzia tarehe 1 Julai 2012 dozi ya kila CT-Scan iandikwe katika taarifa ya mgonjwa, na kwamba dozi zinazopindukia ziripotiwe kwa mamlaka ya jimbo, kwa daktari aliyeagiza kipimo na kwa mgonjwa mwenyewe. Wapo waliolalamika kwamba namba hiyo haimsaidii mgonjwa, na ni kweli kwamba si dozi kamili ya mwili wake. Ni makadirio yanayotokana na vipimo vya gogo la plastiki linalowekwa badala ya mwili, na katika kipimo ambacho kitanda hakisogei huwa yanazidi dozi halisi ya ngozi. Hata hivyo faida yake iko pengine. Anayeandika taarifa hulazimika kuitazama namba, na daktari bingwa wa radiolojia ambaye amezoea kuandika miliGray 400 (yaani Gray 0.4) atasimamisha kalamu siku atakayotakiwa kuandika 3,500. Baadaye bima ya wazee ya serikali ya Marekani ilitumia fedha: CT-Scan iliyofanywa kwa mashine isiyo na vifaa vya kudhibiti na kurekodi dozi ilikatwa malipo kwa asilimia 5 mwaka 2016, na kwa asilimia 15 kuanzia 2017.

Watengenezaji nao walikubaliana mwaka 2010 juu ya ukaguzi wa dozi ndani ya mashine yenyewe. Upo katika ngazi mbili. Ya kwanza humwarifu mtaalamu kwamba kipimo anachotaka kuanza kimevuka kiwango kilichowekwa kwa kipimo cha aina hiyo. Chama cha wanafizikia wa tiba wa Marekani kilipendekeza miliGray 600 kwa kipimo cha mtiririko wa damu ubongoni. Ya pili, iliyopendekezwa iwe miliGray 1,000, yaani Gray 1, humzuia kuendelea mpaka aandike jina lake na kueleza sababu.

Ngazi hizo mbili zinatuhusu moja kwa moja Afrika Mashariki. Nchini Tanzania na Kenya CT-Scan haziko tena katika hospitali kuu za Dar es Salaam na Nairobi peke yake. Zimefika hospitali za rufaa za mikoa na za kaunti, na mara nyingi zimefungwa na watu wa kampuni waliofundisha kwa siku chache kisha wakaondoka, wakiacha taratibu zao zimehifadhiwa ndani. Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania na mamlaka ya nyuklia ya Kenya hukagua vyumba, kuta na mashine, na kazi hiyo ni ya lazima. Lakini chumba chenye kuta nene na mashine iliyopita ukaguzi ndivyo vilivyokuwapo hata Los Angeles. Swali linalobaki kwa mkuu wa idara ni nani alibadilisha utaratibu mara ya mwisho, aliubadilisha lini, na je, kabla haujatumiwa kwa mgonjwa wa kwanza, ulipigwa kwenye kichwa bandia cha plastiki na namba ikalinganishwa na ya utaratibu wa zamani? Kazi hiyo ni ya nusu saa. Haihitaji kifaa kipya, maana kichwa bandia mara nyingi huja pamoja na mashine na hukaa kabatini.

Jambo jingine la kuangalia ni kama viwango vya onyo vimejazwa. Mashine iliyotengenezwa kabla ya 2010 na kuletwa kwetu ikiwa imetumika inaweza isiwe na ukaguzi huo kabisa, na hata mpya inaweza kuwa nao huku visanduku vya kuandikia viwango vikiwa tupu, kwa sababu mashine haiwezi kuonya juu ya mpaka ambao hakuna aliyeuweka. Kuvijaza ni kazi ya asubuhi moja kwa mtaalamu wa mionzi na daktari bingwa wakiketi pamoja. Kama ukomo wa Gray 1 ungekuwa umeandikwa katika mashine ile ya Los Angeles, basi dozi ya Gray 3 au 4 ingeisimamisha Februari 2008, mgonjwa wa kwanza wa utaratibu mpya akiwa bado amelala kitandani na mionzi haijaanza kutoka.